Shingo ya Gitaa Nimeondoka Nayo

Binti yangu, mkwe wangu na wajukuu,

Chai iko kwenye chupa. Fungeni dirisha la jikoni, paka amezoea wizi.

Alfajiri nilisikia "tak!" sebuleni, kisha mtu akashusha pumzi. Nikajua kuna kitu kimeachia ndani ya gitaa la besi la marehemu babu.

~~Gitaa lisiguswe na mtu.~~ Mkwe wangu, wewe liguse tu.

Najua ulitaka kuinyoosha ile shingo iliyopinda, uniamshe kwa muziki. Nimeona ulivyotandika taulo ili meza yangu isichubuke. Nimeona pia begi lako mlangoni, na safari yako ni kesho! Unakimbia nini, baba?

Nikwambie siri. Kile chuma cha ndani ya shingo, kinachoinyoosha, nati yake aliiharibu babu mwenyewe. Aliikaza kwa koleo mpaka meno yakaisha, akaibandika kwa gundi, akaniapisha nisiseme. Miaka ishirini nimemfichia. Wewe umeikuta imeshakufa, hukuiua.

Nimempigia fundi, yule aliyekuwa akipiga ngoma na babu, na sasa nampelekea shingo. Amecheka mpaka akakohoa. Ataipasha moto shingo, abandue ubao wa juu, atoe chuma na kukichonga meno mapya.

Lakini gundi ya kuurudishia ubao itataka siku mbili kukauka, nawe utakuwa umeshaondoka. Kufunga nyuzi mimi sijui, na hawa wengine siwaamini. Basi begi lirudishe chumbani leo, na mwezi ujao uje tena, mwanangu. Gitaa litakusubiri, na mimi pia.

Mama mkwe wako,
mama na bibi wa hao wengine