Simu Imwite Aliye Ufuoni

Suna, Migori,
Jumapili, 4 Mei 2025.

Mpendwa Mjomba Benard,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na Aunty Phanice mu wazima huko Winnipeg, na kwamba mgongo wako umeanza kuisikia dawa. Sisi hatujambo, ila mvua ya mwaka huu haina adabu. Mama anakohoa kidogo, lakini bado anafoka, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Nimepata ujumbe wako. Kumbe bosi wangu amekulalamikia, kwa kuwa ni rafiki yako na ndiwe uliyenitafutia kazi kwake. Ni kweli nimekataa kumkabidhi ile programu ya simu ya kuwaonya akina mama wa Sindo, kule ziwani, mvua inapokaribia omena, wale dagaa wadogo, waliyoanika. Umeniambia niache ukaidi, nimpe Ijumaa, yaishe. Nakuheshimu, Mjomba, lakini nisikilize kwanza.

Dada yako, mama mdogo Damaris, huanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa ufuoni, kando ya zile za jirani yake Helen. Unajua yeye ni Msabato, na Helen ni Mkatoliki. Miaka yote Helen huangalia nyavu za wote wawili Jumamosi, na Jumapili mama mdogo humwangalizia Helen. Mchungaji akiuliza kama Msabato anaruhusiwa kufanyiwa kazi siku ya Sabato, humjibu kwamba omena haijabatizwa.

Programu ya ofisi haikuyajua hayo. Ilitengenezwa kana kwamba mwenye omena ndiye anayeianua. Jumamosi ya wiki juzi onyo lilikwenda kwenye simu ya mama mdogo, iliyokuwa imezimwa mkobani kanisani. Simu ya Helen ilinyamaza kwa sababu siku hiyo hakuwa ameanika kitu chake. Naye, kwa kuwa tulimwahidi simu itamwambia, alikuwa ndani anapika badala ya kuangalia mbingu. Omena yote ililowa, ikaishia kuwa chakula cha kuku.

Omena iliniuma, lakini lililoniuma zaidi ni kwamba mama mdogo aliamini Helen amezembea makusudi. Wakaacha kusalimiana. Helen aliniuliza, "Mimi ndio nilikuwa hapa. Sasa kwa nini simu inaambia mtu ako kanisa?" Niliona aibu.

Katika kazi yetu ya kubuni programu, kabla hujachora chochote kwenye skrini, unaichambua kazi ya mtu hatua kwa hatua: nani huianza, mikono yake imeshika nini, kipi hutangulia kipi. Hilo halikufanywa, basi nikaenda kukaa nao ufuoni. Mvua ikija hakuna anayesoma. Mikono imejaa magamba, simu imefungwa kwenye leso kiunoni, na omena iliyokaribia kukauka ndiyo huanuliwa kwanza, iwe ya nani. Bosi anataka waingize nywila, wachague wavu, ndipo waone picha nzuri ya wingu. Wingu lenyewe liko juu ya vichwa vyao.

Nimeibadilisha. Anayebaki ufuoni hubonyeza kitufe kimoja kikubwa asubuhi, na mvua ikikaribia simu yake hupaza sauti kwa Kijaluo, "Koth biro", hadi majirani wasikie kwamba mvua inakuja. Jana, baada ya kuwasihi wote wawili waangaliziane tena, tuliijaribu kwa simu ya Helen. Mvua ilifika ikakuta nyavu tupu. Mama mdogo aliporudi kutoka kanisani alikuta magunia yake makavu nyumbani kwa Helen, akaketi humo mpaka giza likaingia. Leo asubuhi nimemwacha ufuoni, Helen yuko misani.

Bosi anasema mabadiliko yatamchelewesha, hivyo ile ya zamani isambazwe Ijumaa kwenye fuo nyingine. Huko nako kuna watu wanaoangaliziana. Sitaikabidhi. Nimemwandikia hivyo leo, kwa adabu, na kama ni kazi kwenda, na iende. Jembe la Mama bado lina mpini.

Nisalimie Aunty Phanice, Austine na Mong'ina mdogo. Mungu awafunike katika baridi hiyo, na mikono yenu isikose la kufanya.

Najua nimekuweka pabaya na rafiki yako. Hata hivyo akikupigia tena, tafadhali usiniombee msamaha. Mwambie aje Sindo Jumamosi, Helen atampa kigoda kando ya nyavu.

Mpwa wako akupendaye, na asiyerudi nyuma,
Dolphine