Mwanao Hakufukuzwa

Beechmont, Louisville

Mwanao hakufukuzwa! Idrisa bado ni mchezaji wa timu ya chuo chake kule Buffalo, na ufadhili wake wa masomo haukuguswa. Nimeona nianze na hilo, dada, maana wewe ni mama yake mkubwa na najua roho yako imekuwa juu tangu ile video iwafikie huko Tanga.

Sasa shikamoo, dada Mwanaidi. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi imeanza na nyumba iko kimya. Sikupigii kwa sababu simu yako huwa unaifungulia sauti kila mtu asikie, na haya nataka uyasome wewe kwanza. Barua anakuletea jirani yangu anayekuja kuwaona wazazi wake.

Ile video inamwonyesha Idrisa akimpiga ngumi kijana wa timu ya Columbus wakati filimbi imeshapigwa. Ni kweli alimpiga. Ila haikuonyesha kijana yule alimwambia nini. Basi simu yangu ikanyamaza. Wale waliokuwa wakinipigia kila Jumamosi, ati Mama Idrisa tumemwona mwanao, wote kimya. Kule kazini, bohari ya Okolona, nilifunga maboksi bila kusema na mtu, na nikirudi nakula nimesimama jikoni, maana kukaa peke yangu kwenye meza ya watu sita siwezi.

Chuo kikamwita kwenye kikao cha nidhamu. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi. Liliposimama Columbus, mdogo wetu Shomari alikuja kunisalimu kituoni. Unajua alivaa nini? Jezi ya timu ya huko kwake. Ananipa chai ya tangawizi kwenye chupa huku ananitania, "Dada, mmeshindwa mpira mkaamua ndondi?"

Nikamwambia, "Vua hiyo kwanza ndipo uniamkie."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi ndani ya basi na chai yake, nikalia hadi ikapoa.

Kikaoni walikaa wakubwa watatu, kocha pembeni. Mwalimu wake wa biolojia akasema Idrisa hakosi darasa na timu nzima hakuna anayemfikia kwa alama. Mimi nisingelisema mwenyewe, lakini limesemwa na mwalimu, na masikio yangu yamesikia. Wenzake wakifeli hawaruhusiwi kucheza, na anayewafundisha wasifeli ni nani? Ni huyo mwanao.

Ndipo mama aliyeongoza kikao akauliza, "Yule mchezaji alikwambia nini?" Idrisa akainamisha kichwa. Akaulizwa tena, kimya. Yule mama akakaza uso, nikaona anamchukulia kuwa jeuri. Kocha anamsihi aseme, wapi. Mle ndani niliyeelewa ni mimi tu. Lile lilikuwa tusi la mama, na mama mwenyewe nimekaa hapo. Angelitamkaje?

Nikasimama. Kwa Kiingereza changu cha bohari nikasema, "Mimi natoka nje. Mtoto wetu harudii tusi la mama mbele ya mama yake. Nikishatoka, muulizeni."

Nikakaa kwenye korido peke yangu, mlango umefungwa. Dada, sijawahi kuwa mbali na nyumbani kama pale. Wanafunzi wanapita na vikombe vyao vya kahawa, hakuna hata mmoja wa kumwambia kwamba mwanangu yumo humo. Nikamkumbuka marehemu baba yake. Nikakukumbuka na wewe, ungekuwepo ungenishika mkono tu, ingetosha.

Mlango ulipofunguliwa, yule mama alinishika bega. Idrisa atakaa nje mechi mbili na kumwomba radhi yule kijana. Ni haki, nami nilimwambia Idrisa heshima yangu hailindwi kwa ngumi. Alilolisema humo sijaliuliza, wala sitaliuliza.

Wakati wa kurudi nikamkuta Shomari kituoni tena, na koti la kawaida. Nikamsimulia. Akasema, "Dada, tusi lile lilinifika na mimi, na mimi nikalifanyia mzaha." Akaapa atakuja kwangu na mkewe na watoto. Idrisa naye anateremka na wenzake. Nimemwambia Shomari aje hata na hiyo jezi, mradi aje.

Nisalimie shemeji Athumani, mumeo, na shangazi Zaina aliyemnyoa Idrisa nywele za arobaini, mwambie kichwa alichokinyoa kina akili. Mbusu binti yako Rukia.

Siku wakija nitapika pilau ya sufuria kubwa, ambayo sijaitoa kabatini tangu msiba wa baba Idrisa. Nipigie siku hiyo, na sauti uifungulie wote. Nyumba hii hujaisikia siku nyingi ikiwa na watu. Wanakuja Alhamisi, ile ya Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo huku kila mtu hula na ndugu zake.

Mdogo wako,
Mama Idrisa