Kidude Changu Kinalia, na Baba Mkwe Anatoka Jasho

Mpendwa Bimdogo, shikamoo. Natumaini wewe u mzima, mimi si mzima sana, na naomba unisaidie mapema kwa sababu mkutano wa kijiji umekaribia. Naitwa Raymundi, lakini ukiichapa barua hii tafadhali nibadilishe jina. Nakaa katika kijiji chetu kipya cha ujamaa upande wa Usinge, sisi ni warina asali na wakulima, na mimi nimeingia katika shida ambayo sijasikia mtu mwingine ameingia.

Ilianza hivi, mwaka juzi nilikaa kwa mjomba wangu Gongoni, huko kwenu Tabora mjini, nikawa nashinda kibandani kwa fundi Hamdun anayetengeneza redio, akanifundisha kulehemu waya kwa risasi na kutambua transista iliyokufa na iliyo hai, na toka hapo nikawa sitaki tena kutengeneza vilivyoharibika vya watu, nikataka kuunda changu, kitu chenye akili kidogo ndani yake, ukikiweka mahali kinafanya kazi chenyewe bila mtu kukisimamia. Niliporudi kijijini nikaona tangi la maji ya mvua pale zahanati, likijaa maji yanamwagika bure kwa kuwa hakuna anayejua kama limejaa, nikasema hapa ndipo pa kuanzia. Nikachukua mkebe wa biskuti, transista mbili za redio mbovu, betri za tochi na spika ndogo, nikatoa nyaya mbili nje, maji yakizigusa zote mbili kidude kinalia piii, zikikauka kinanyamaza. Bimdogo, siku kilipolia mara ya kwanza na mimi nililia.

Sasa kwa vile ilikuwa kiangazi na tangi tupu, sikuwa na pa kukijaribia, nikawa nakijaribu kwa bakuli la maji mbele ya nyumba yetu na watu wakaja kutazama. Akapita Tobias, ambaye kijiji kizima kinajua kuku wa watu humfuata hadi chunguni kwake, alikuwa ametoka kunawa mikono ale ugali, akazishika zile nyaya kwa utani, kidude kikapiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Watu wakacheka wakakaa chini, wakasema kimemjua, kimemjua mwizi wa kuku! Hapo ndipo nilipokosea, maana badala ya kusema jamani ni maji tu, nilinyamaza nikatabasamu kama bwana harusi anayepigwa picha, na bibi mmoja aliponiuliza kama kweli kinajua wezi, nikamjibu kwamba inategemea.

Habari zikamfikia mwenyekiti wetu, Ndugu Kornel. Akaja, akazishika nyaya, mikono yake ni mikavu kama gome, kidude kikanyamaza kimya, akakipenda sana. Toka siku hiyo naitwa Injinia, nimesamehewa kwenda shamba la kijiji ili nisiumize vidole, wazee wananipisha kiti, na mimi sikukataa hata kimoja. Kumbe ghala la kijiji limepungukiwa asali, madebe yamefunguliwa na hajulikani nani, na Ndugu Kornel ametangaza kuwa siku ya mkutano kila mtu atazishika nyaya mbele ya watu wote, atakayeliliwa ndiye, kwa sababu binadamu hupendeleana lakini mashine haina ukoo.

Bimdogo, mwenye ufunguo wa ghala ni Mzee Masolwa, na Mzee Masolwa ndiye baba wa Josepha, na Josepha ndiye ninayetaka kumuoa, barua ya posa imeshapokelewa. Mzee huyo ni mwaminifu, asali yenyewe hata hali, lakini ana jasho la ajabu, anatoka jasho akila uji wa baridi, anatoka jasho kanisani akiwa amekaa, ukimpa mkono inabidi ukajifute. Nilipokwenda kumsalimia alinikaribisha, akaniletea kigoda mwenyewe, akaniambia polepole, "Raymundi mwanangu, mimi jasho nimezaliwa nalo. Hicho kidude chako kinalijua hilo?" Nikauliza habari za mizinga. Anasema akiaibishwa ataondoka arudi msituni akafie kwenye mahame yake, alikokaa kabla hatujahamishiwa kijijini. Josepha alinisindikiza mpaka njiani akaniambia, "Ukimwaibisha baba, usije kwetu hata kuomba moto."

Nimefikiria nitoe betri kwa siri ili kisimlilie yeyote, au nimpe mzee majivu ajipake viganjani kabla ya kushika, au nikimbilie kwa shangazi yangu kule Isikizya mpaka mambo yapoe. Nikisema ukweli nitachekwa na Uinjinia wote utaisha, na mimi kazi hii naipenda kweli, nataka kuendelea, niunde na vingine. Nifanye nini, na kazi hii mtu huianzaje vizuri? Wako katika mashaka.

BIMDOGO ANAJIBU

Marahaba, Raymundi. Jina lako sikulibadilisha. Kijiji chenye mkebe wa biskuti unaokamata wezi ni kimoja tu nchi nzima, hata ningekuita Abasi wangekujua. Na jibu hili nimelitanguliza kwa treni, kwa mkono wa mtu ninayemwamini, kwa sababu gazeti likifika Usinge huwa limeshafungiwa karanga.

Kwanza nikupe haki yako. Umeona maji yanamwagika na ukatafuta dawa. Hilo ni jambo jema, na kulia kidude kilipolia si aibu, hata mimi nililia keki yangu ya kwanza ilipoumuka. Nakuonea huruma pia, maana sifa ni tamu kuliko hiyo asali yenu na hakuna aliyekuonya kwamba inanata.

Huruma yangu inaishia hapo. Kidude chako hakijawahi kusema uongo hata siku moja. Kiliulizwa kama kuna maji, kikajibu kuna maji. Aliyesema uongo ni wewe, tena kwa kutabasamu. Mwambie Ndugu Kornel kwa adabu zote kwamba mashine haina ukoo, kweli, wala haina habari. Haijui asali, haijui ghala, haimjui Tobias wala kuku. Inajua mvua na jasho, na hata hivyo viwili haiwezi kuvitofautisha.

Hizo hila zako nimezisoma mara mbili nikaguna. Ukitoa betri, kidude kitanyamaza kwa wote, na kesho yake mwenyekiti atakuletea betri mpya. Ukimpaka mzee majivu, utakuwa umekubali mbele ya Mungu na mbele ya Josepha kwamba mkebe wako ni hakimu, ila umemhonga. Leo utamwokoa mkweo, na keshokutwa atasimama mama mwingine aliyetoka kuosha vyombo, naye hana mkwe fundi. Isikizya ndiyo usiende kabisa, maana ukitoroka kila mtu atasema mwizi kajulikana, na shangazi yako hakukuomba.

Nilikwenda na barua yako kibandani kwa fundi Hamdun. Alicheka mpaka akaweka chini chuma cha kulehemu, kisha akaniambia anakukumbuka, ulikuwa na mkono mzuri na papara mbaya. Anasema kuunda kitu si kazi kubwa sana, kazi kubwa ni kujua kitu chako kinajua nini na hakijui nini, na kumwambia hivyo kila anayekigusa kabla hajakuuliza. Mwenye kuanza achague kazi moja ndogo, akijaribu kidude chake kikiwa kikavu, kikiwa na maji, juani, kwenye vumbi, na kwa mikono ya watu wanaotaka kukiharibu, na kila kinapokosea aseme kimekosea. Asiyeweza kusema hivyo arudi akauze vitumbua. Nami naongeza langu, kwamba vitumbua navyo vinataka ukweli.

Kwa hiyo usingoje mkutano. Ukiipata karatasi hii, uende kwanza kwa Mzee Masolwa, umpe shikamoo, umjibu lile swali alilokuuliza ukaruka kwenye mizinga. Mwambie, "Baba, hakilijui jasho lako, kosa ni langu." Ukitoka hapo nenda kwa Ndugu Kornel nyumbani kwake, si mbele za watu, mtu mzima huachiwa mlango wa kutokea. Siku ya mkutano, mwombe akupe nafasi ya kuzungumza. Chukua kiazi kitamu kilichooshwa, kichomeke nyaya zako, kidude kilie wakisikie wote, kisha uwaulize kama kiazi ndicho kilichofungua madebe. Watakucheka. Wacha wacheke, ndiyo sauti ya Uinjinia wako ukirudi ulikotoka, na hutakufa. Baada ya hapo utaje kwa mdomo wako kwamba Tobias alikuwa amenawa mikono. Kuku ni kesi yake nyingine.

Halafu chukua jembe. Mwenye kukwepa shamba la wenzake kwa kisingizio cha vidole ni kupe, na vidole vya Hamdun vimelima sana kabla ya kushika transista. Mkebe wako upande tangini unakostahili, mvua zikija ulie, na siku hiyo watu wakikimbia na mapipa utaitwa fundi bila kulazimika kutabasamu. Hamdun anasema ukifika hapo njoo Gongoni, ana kazi ya kukupa.

Asali iliyopotea nyuki watatengeneza nyingine. Mwizi wake mtafuteni kama watu wanavyotafuta wezi, kwa kuulizana. Lakini jina la mzee halina msimu wa pili. Siku hiyo akiinuka kuzishika nyaya zako, viganja vimelowa, nawe umekaa kimya kwenye kiti ulichopishwa na wazee, kijiji chenu kitakuwa na wezi wawili, na mmoja wao mimi hapa Tabora nitamjua bila kumshikisha waya.

Bimdogo