Piano ya Mama Jangwani

Lovelock, Nevada, 5 Septemba

Mdogo wangu Marlys,

Mimi mzima, ng'ombe wazima. Nakuuliza hali yako kwa sababu Mama alitulea hivyo, si kwamba nataka kujua.

Binti wa jirani amerudi kutoka kwenye tamasha lenu la jangwani, akanionyesha picha kwenye simu. Piano ya Mama inawaka moto, watu waliojipaka rangi wameizunguka. Baada ya mazishi niliipandisha kwenye lori lako kwa mgongo wangu mwenyewe. Nilikupa piano, Marlys. Sikukupa kuni.

Kaka yako,
Orrin

Sacramento, 11 Septemba

Kaka Orrin,

Sijambo, ingawa vumbi la huko bado limo masikioni.

Kuni? Uliitupa ghalani tangu Mama alipolazwa, panya wakazalia ndani. Fundi alisema haitengenezeki. Nikajenga sebule ya Mama kwa mbao katikati ya jangwa, madirisha yake yale yale, nikaiweka piano pale palipokuwa pake. Wiki nzima watu wasionijua waliingia, wakavua viatu bila kuambiwa, wakapiga funguo zilizobaki. Dereva mmoja wa malori alipiga wimbo wa kanisani, akalia, akaniomba nimshukuru mwenye nyumba.

Jumapili tukaichoma sebule pamoja na piano, kwani kwenye tamasha lile ilijengwa ichomwe. Maelfu ya watu walikaa chini kimya. Asubuhi tukaokota misumari yote, nikafunga mizigo.

Pale njia panda ya Fernley, kushoto ni kwako, kulia ni kwangu. Nilisimama kitambo. Kisha nikakumbuka ulivyoniambia makaburini, mbele ya watu: "Wewe unachoma mbao na kuziita sanaa." Nikakata kulia.

Mdogo wako,
Marlys

Lovelock, 16 Septemba

Marlys,

Salamu nimezimaliza kwenye barua ya kwanza.

Kumbe ni mazishi ya pili. Maelfu wamemnyamazia mama yangu, nami nilikuwa hapa nakata majani ya ng'ombe, sina habari. Dereva wa malori kapiga piano niliyofundishwa nikiwa nimekaa mapajani mwa Mama. Huyo umemkaribisha. Mimi ndiye mgeni?

Orrin

Sacramento, 30 Oktoba

Kaka,

Natumaini mgongo umepoa. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tusi, nikakichana.

Nina swali moja, nalo nataka jibu la kweli. Ningekualika, ungekuja?

Marlys

Lovelock, 4 Novemba

Mdogo wangu,

Mgongo haujapoa. Theluji ya kwanza imeanguka milimani.

Nisingekuja. Ningekwambia huo ni upuuzi wa watu wa mjini wasio na kazi, ningekata simu, na siku ile ningekuwa hapa hapa nakata majani. Lakini ningejua saa ya moto. Ningezima trekta, nikavua kofia, nikatazama upande ule.

Saa hiyo ndiyo uliyonichomea. Piano ilikuwa mbovu, najua.

Kaka yako,
Orrin