Pahali Pako Kando ya Nguzo

Mzee Lumbasi,

Bado hatusimami pahali pako. Kila asubuhi tukikusanyika mbele ya mtambo wa kukamua miwa, tunaacha nafasi pale kando ya nguzo, kana kwamba umechelewa tu kidogo. Mwanzoni ilikuwa heshima. Siku hizi naogopa hata kupaangalia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukianza siku? Msimamizi mzima, kofia mkononi, unataja kosa lako la jana mbele yetu sote. "Langu ni hili," unasema. "Nilimfokea Khaemba bure." Tunacheka, halafu mmoja mmoja tunatoa yetu. Niliposema nimeunguza karai zima la sukari guru kwa kusinzia, ulinimegea kiazi chako kitamu. "Haya Nafula, twende tutengeneze." Enzi zile nilifika kazini mapema bila kuambiwa. Nikisikia gia inalia, naifuata hata kama si yangu.

Msimamizi mpya haanzi na lake. Anauliza, "Nani amefanya hii?" Sote tunaangalia viatu. Mashine ikilia vibaya, tunaipita.

Mzee, wiki jana nilifungua kifuniko cha gia nipake grisi. Nikaitwa upande wa tanuri, nikasahau kukirudisha. Gia ikamla Khaemba vidole viwili. Msimamizi akauliza nani. Nikanyamaza. Akasema basi ni Khaemba mwenyewe, akamfuta kazi angali hospitalini.

Tangu hapo, nikiinama kupaka grisi, nakusikia nyuma yangu: "Langu ni hili." Nageuka. Ni nguzo tu. Nimekukasirikia, Mzee, nakwambia ukweli. Ungekuwa hai ningeshasema siku ileile, kabla hata ya chai ya saa nne. Umekufa, nami nimekuwa mwoga.

Jana nilimpelekea Khaemba uji. Akashika kikombe kwa mkono mzima, akaniambia, "Wewe tu ndio unakujanga kuniona." Nilitoka nje nikalia karibu na mfereji.

Huenda nami nitafutwa. Nimelifikiria hilo mpaka nimechoka.

Pumzika sasa, Mzee wangu, usinifuate tena pale kwenye gia. Kesho, kabla mtambo haujawashwa, nitasimama kando ya nguzo, pahali pako, kofia mkononi. Nitaanza mimi.

Nafula, wako wa grisi