Kwa Nini Mtoto Hakuitika

Witeithie, mwezi wa nane

Kwako ndugu yangu Kaleli,

Wewe mtu wa Masii, hujambo? Ama ulikufa na hakuna aliyenipigia simu? Tangu ile Jumamosi ya mwezi wa nne uliposimama mbele ya watu wa Ruiru ukasema maneno yako ukamaliza, hujakanyaga hapa. Hao ng'ombe hawawezi kulishwa na mtu mwingine siku mbili? Dada unaye mmoja tu, na magoti yake sasa yanalia kama mlango mbovu. Haya, nakusalimu hata hivyo. Namsalimu Kalondu, mke wako, na kile kikohozi chake, na nyuki wako pia, maana nasikia mvua iliwanyima maua. Sisi huku tuko, Mungu anatushika. Mahindi yalikauka, kunde zikapona.

Anayeandika ni Dorine wa dukani. Kalamu sikuwahi kushika, unajua. Ningekupigia simu, lakini kwa simu wewe hukatiza watu, na haya ukinikatiza sitaweza kuyaanza tena. Nimemwambia Dorine aandike kama ninavyosema, asipake sukari.

Ni mambo ya mjukuu wangu, mtoto wa Nzisa. Wewe ulisema hatarudi tena kwa jiko la yule mwanamke, mama yake Gichuru mume wa Nzisa, na kwa sababu ndiwe mwanamume wa nyumba yetu tangu Kyengo wangu azikwe, neno likawa hilo. Mtoto anakaa kwangu. Nzisa alitoka kwa mume wake pale Mwiki, huko huko Ruiru, akapanga chumba Thika. Gichuru huja kila Jumapili na mkate na maziwa, anasimama kwa geti kama mgeni, anamshika mtoto kichwa, anaondoka. Wiki iliyopita aliniuliza kwa heshima, mama, hii itaisha lini? Nikamwambia aulize wazee. Alipoenda sikuweza kula.

Unakumbuka huyo mtoto alizaliwa wapi. Uchungu ulimpata Nzisa akiwa kwangu, tukakodi gari twende Thika, na hatujafika hata karibu mtoto akaja. Mimi ndiye niliyemdaka, kwa leso yangu hii. Nikamwita Nzilani hapo hapo, wa njiani, kwa sababu njia ndiyo iliyompokea. Siku ya tatu nikakusanya wanawake waliozaa, kama inavyofanywa kwetu, tukaenda Mwiki kumpa jina, na sima tukabeba. Tukakuta jina limeshawekwa. Ngina, jina la huyo mama yake Gichuru. Kwao msichana wa kwanza ni wa nyanya wa upande wa baba, hakuna kuulizana. Alitupa chai, akacheka, akasema tusijali, wa pili atapewa jina langu mimi, Nduku. Wa pili! Kama mtu anayegawa vifaranga. Tukala sima yetu wenyewe tukarudi.

Ile kitu ilinikaa hapa kifuani miaka minne, Kaleli. Ukabila nilikuwa naukemea kanisani kwa sauti kubwa.

Sasa ile siku ya kuungua. Wewe uliambiwa yule mwanamke alikuwa amebeba sufuria ya githeri inachemka, akamkanyaga mtoto mlangoni, ikamwagika. Yeye aliapa kwamba alimwita mtoto atoke. Alisema alimwita mara tatu, na mtoto amechutama pale, anamwangalia tu. Watu wakaguna. Wewe ukamwambia mtoto si kiziwi, na mzee akizeeka aachie wengine moto. Alilia mbele ya mwanawe, na mkono wake pia umefungwa bandeji, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari ya huo mkono. Nasikia akina mama wa kanisa lake walimtoa katika kupikia wageni. Nasikia anakula mkate na chai tu, hawashi moto.

Alimwita, Kaleli. Alisema kweli.

Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto asiitike. Tangu alipoanza kutembea, kila akiletwa hapa, nilimwambia jina lako ni Nzilani, hilo lingine ni la mwenyewe kule Ruiru, ukiitwa hilo nyamaza kama husikii. Alikuwa akirudi namuuliza, mwambie nyanya yako, umeitika? Anasema, sijaitika, susu. Namwekea kwa kiganja ile asali yako uliyoniletea, analamba, tunacheka. Niliona ni mchezo. Hapana, Dorine, futa hiyo. Sikuona ni mchezo. Niliona ninashinda.

Nilipofika hospitali mtoto amefungwa kuanzia bega mpaka paja. Alifungua macho, akanivuta sikio karibu. Akaniambia, susu, aliniita sana na sikuitika. Asali iko wapi?

Nilimziba mdomo kwa mkono wangu. Mtoto ameungua, nami namziba mdomo, kwa sababu muuguzi alikuwa karibu. Kisha nikatoka nje nikakaa nanyi kwa ile benchi, nikakuacha uende ukamtukane mwanamke wa watu kwa niaba yangu. Nilikusikia ukisema kila neno. Nilikuwa nimevaa kitambaa changu cha kanisa.

Sasa mwalimu wake wa nasari anasema akimwita kwa jina mtoto anainamisha kichwa. Mimi nikimwita Nzilani ananiangalia usoni kwanza, kama anayeuliza hili nalo ni salama. Hilo ndilo lililonishinda. Nzisa nilimwambia jana. Aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, akaenda. Gichuru na mama yake bado hawajui.

Msalimie Kalondu, watoto, na mzee Mutisya jirani yako. Dorine anawasalimu, amelia kidogo lakini ameandika.

Njoo Jumamosi hii, usingoje mavuno. Neno ulilosema wewe mbele ya watu ni wewe wa kuliondoa, lakini mimi ndiye nitakayetangulia kusema. Ukifika twende Mwiki moja kwa moja, mimi, wewe na mtoto. Keti nyuma yangu. Yule mama akinitukana, mwache amalize. Akinifukuza, usinitetee, mwachie mjukuu wake, uje unishike mkono kwa sababu ya magoti, turudi nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Nduku wa Kyengo