Mluzi Ambao Hukuusikia

Baba Atupele wangu,

Nakuandikia nikiwa garini, hapa Mpemba, kabla ya kufika Tunduma, nyuma ya malori yanayosubiri kusogea kwenda mpakani. Abiria wameshuka kununua mahindi ya kuchoma na mimi nimebaki na usukani wangu. Gari ni lile lile, steshenwagoni nyeupe uliyoinunua ulipoachana na malori. Tangu Atupele aolewe nina maneno ya kukuambia, lakini siwezi kuanza na harusi. Wewe na mimi hadithi yetu ya gari ilianza na muziki.

Unakumbuka ulivyorudi nyumbani siku ile. Ulikuwa umechoka kulala njiani kati ya Dar na Lusaka, ukasema sasa unataka kazi ya kurudi jioni: kubeba watu Tunduma hadi Vwawa, Vwawa hadi Tunduma, halafu ugali wa nyumbani. Kabla hata hujabeba abiria wa kwanza, ukalipeleka gari kwa fundi Gwamaka pale karibu na stendi, akakufungia amplifaya na sabufa kubwa nyuma, ikala nusu ya sehemu ya mizigo. Uliingia uani umefungulia mpaka sufuria zangu zikatetemeka kichanjani. Ukashuka unacheka, mkono kifuani.

"Mama Atupele, njoo uisikie."

Nikaja. Nikakaa kiti cha mbele, ukawasha injini tuzunguke kidogo. Besi ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini juu ya besi kulikuwa na kitu kingine, mluzi mwembamba unaotoka kwenye spika za milangoni. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka, kama mbu anayelizunguka sikio na hataki kutua.

"Kuna kitu kinalia," nikakuambia.

"Hakuna kinacholia. Huo ndio muziki."

"Si muziki. Sikiliza, kinapanda na injini."

Ukazima redio, ukanirudisha nyumbani. Nikajua umeumia. Ulidhani nakidharau kitu chako cha kwanza ulichojinunulia kwa ajili ya raha tu.

Halafu abiria wakaanza. Yule mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akileta vitenge, ambaye ulimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi, ndiye aliyesema kwanza. Nilikuwa nimekaa nyuma yake siku hiyo naenda Vwawa. Akanigeukia akaniita "bamayo", kama wanavyomwita mama kwao, akaniomba nikuambie upunguze, kichwa kinamuuma. Ukapunguza muziki. Mluzi ukabaki, tena sasa ukasikika zaidi. Akashukia njiani akapanda gari la nyuma. Pale stendi wakalipa gari letu jina: Mzinga wa Nyuki. Watu wakawa wanapita mlango wako wanaenda wa jirani, na wewe ukawa unarudi nyumbani umekunja uso, unasema watu wa Tunduma wana wivu.

Fundi Gwamaka alikubali kuna mluzi. Akabadilisha redio, haikusaidia. Akafunga kidude cha kuchuja umeme kwenye waya wa betri, kikapunguza kidogo siku mbili tatu, kisha hali ikarudi. Ukachoka naye. Jumapili moja, baada ya ibada, ukavua shati la kanisani, ukatandaza spana zako uani, ukaniambia nikae kiti cha dereva niwashe injini ukinionyesha ishara. "Leo tunaumaliza wenyewe," ukasema.

Siku hiyo siisahau, Baba Atupele.

Tulianza kwa utaratibu. Injini ikiwa imezimwa na redio inaimba, hakuna mluzi. Injini ikiwashwa, mluzi. Nikikanyaga mafuta, unapanda. Wewe ulikuwa umepiga magoti nyuma, kando ya amplifaya, na mimi nilikuwa nakutazama kwenye kioo. Ndipo nikaona husikilizi. Ulikuwa unaniangalia mimi. Nikikunja uso, unageukia waya mwingine. Nikitulia, unasimama. Ulikuwa unausoma mluzi kwenye paji la uso wangu.

Sikutaka kuamini. Nikaacha mguu kwenye mafuta, spika zinapiga kelele ya kutoboa kichwa, nikageuka nikatabasamu, nikasema, "Umekoma."

Ukainua mikono. "Umeona? Nilikuambia mimi si mtu wa kushindwa na waya."

Nikazima injini. Nikashuka, nikapita nyuma yako, nikakuita kwa sauti yangu ya kawaida, ile ya kukuita kwenye chai. Hukugeuka. Nikakushika bega.

"Tangu lini?" nikauliza.

Ulijua nauliza nini. Ukakaa kwenye ukingo wa buti, ukafuta mikono kwenye kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ilianza nikiwa bado kwenye malori," ukasema. "Sauti nyembamba ziliondoka kwanza. Ndege. Simu. Watoto wakinong'ona. Nikadhani ni uchovu. Sasa hata honi ya nyuma, kama si ya lori kubwa, inanipita."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungenikataza kuendesha. Na ungekuwa umesema kweli." Ukapiga sabufa kwa kiganja. "Watu wanadhani nimeifunga nijionyeshe. Mama Atupele, huu ndio muziki pekee unaonifikia. Mwingine wote siusikii. Huu unapita hapa." Ukaonyesha kifua.

Nilikaa pembeni yako. Sikulia, wala hukutaka nilie. Nikasema, "Basi inuka. Mluzi bado upo. Mimi nitasikia, wewe utafunga." Tukapatana nipandishe mkono mluzi ukipanda na kuushusha mluzi ukishuka.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa kazi. Ulichomoa zile waya mbili zinazoleta sauti kutoka kwenye redio hadi kwenye amplifaya. Mkono wangu ukashuka hadi pajani, kimya kabisa. Ukazirudisha, mkono ukapanda. "Basi amplifaya ni nzima," ukasema. "Uchafu unaingilia njiani." Ukaufuata waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari. Fundi alikuwa ameubana vizuri kwa bolti, ila juu ya rangi. Rangi ni ngozi, ulinieleza, umeme haupiti vizuri kwenye ngozi, unatafuta pa kupenyea na unapenyea kwenye waya za sauti. Ukachukua msasa ukasugua mpaka chuma kikang'aa, ukaubana upya. Nikawasha. Mkono wangu ulipanda, lakini haukufika begani.

"Umepungua?"

Nikatikisa kichwa kukubali, nikakuonyesha kwa vidole: kidogo bado.

Ukatoa viti, ukafunua kapeti. Kumbe waya za sauti zilikuwa zimelala ubavuni mwa waya mnene unaotoka kwenye betri, zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Ukazitenganisha. Ule mnene ukauacha upande wa kulia, zile za sauti ukazipitisha kushoto. Ulifanya polepole, ulimi umeutoa pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Ukarudi nyuma, ukaniangalia.

Niliwasha. Nikakanyaga mafuta. Nikakanyaga tena. Mkono wangu haukuondoka kwenye paja langu.

"Usinidanganye mara ya pili," ukasema.

"Sikudanganyi. Ni kimya."

Ukaweka wimbo, ukapanda ukakaa kando yangu, tukausikiliza mpaka mwisho, wewe ukisikia chini yake na mimi nikisikia wote.

Jioni ile ndipo tulipogombana. Nilikuambia huwezi kubeba watu kwenye barabara ile ya malori bila masikio. Ukaniambia nyumba inakula kutokana na barabara ile. Nikakuambia, "Nifundishe mimi." Ulicheka kwanza. Ulipoona sicheki, ukaacha. Kesho yake asubuhi ukanipeleka kwenye uwanja wa mpira, ukaniketisha, ukaniambia maneno ninayowaambia hata leo wanaoanza: "Usiogope lori. Muogope dereva mwenye haraka." Nilikanyaga breki vibaya, nilizima gari mara nyingi, nikaparuza mlango kwenye goli. Hukunifokea. Ulikuwa unaweka kiganja kwenye dashibodi, unasikia injini kwa mkono, unasema, "Sasa, badilisha gia." Na ilikuwa sasa kweli.

Nilipopata leseni nikaingia stendi. Walisema mengi. Mmoja akasema mama huyu atatupeleka mtaroni. Ulikuwa umekaa kiti cha pembeni, na sijui kama uliwasikia au uliwaona midomo, lakini ulishuka ukafungua mlango wa abiria. "Gari hili lina dereva," ukasema. "Anayekwenda apande, asiyekwenda atupishe." Yule mama wa Nakonde ndiye aliyepanda wa kwanza, na vitenge vyake. Hapo jina la Mzinga wa Nyuki likafa.

Na sijasahau ule mteremko. Tulikuwa tunatoka Vwawa, gari limejaa, wewe ukiangalia mbele. Nilisikia honi nyuma, mbali, isiyokatika. Haikuwa honi ya kuomba njia. Nikatazama kioo, sikuona inakotoka kwa sababu ya kona. Sikungoja nione. Nikatoka barabarani nikaingia kwenye shamba la mahindi, na magari mawili nyuma yangu nayo yakanifuata. Lori likapita na honi yake, halina breki, likaenda kukwama kwenye tuta la udongo huko chini. Dereva wake alitoka mzima. Abiria wangu walikuwa wameshikana mikono, mmoja anaomba. Wewe uliangalia barabara, ukaangalia mahindi yaliyolala chini ya boneti, ukanigeukia.

"Mimi sikusikia kitu," ukasema.

"Najua."

Ulinishika mkono mbele ya watu wote. Hukuwahi kufanya hivyo hadharani.

Ugonjwa ulipokuja ulikuchukua upesi, na ulikwenda ukiwa na akili zako zote. Namshukuru Mungu kwa hilo. Sikuwa na deni la maneno kwako. Nilikuwa nimekuambia yote garini, ukiwa kiti cha kushoto, unaniangalia mdomo.

Sasa harusi. Wadogo zako walikuja na mpango wao: gari la kukodi lenye maua, dereva mwenye tai, na mmoja wao akae na bibi harusi badala yako. Walizungumza vizuri, kwa heshima. Niliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu Atupele mwenyewe akasema, "Baba wadogo, mimi nataka Mama anipeleke." Wakanitazama. Nikawaambia maua watayafunga kwenye gari letu, na anayetaka kukaa kiti cha mbele akae, lakini usukani ni wangu.

Nimempeleka, Baba Atupele. Nimempeleka kutoka Tunduma hadi kanisani Vwawa, msafara mzima nyuma yangu, honi zinalia kila upande na mimi nazijua zote: ya furaha, ya lori linaloomba njia, ya pikipiki isiyo na adabu. Tulipofika nikamshusha, nikamtengeneza shela. Akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia nimeendesha barabara hii kwa mvua na kwa ukungu, hata leo hainishindi. Akacheka, akaingia ndani, na mimi nikaingia nyuma yake kwa miguu yangu.

Malori yameanza kusogea. Abiria wanarudi, mmoja ameshika hindi langu. Pumzika vizuri. Watoto hawajambo, nyumba ipo, na barabara naiweza.

Ni mimi mkeo,
Mama Atupele